Bolti ya ekzosti imekula thredi kwenye hedi ya alumini: je, nitoboe niweke M10?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Nimenunua heda ya ekzosti nikaifunga mwenyewe nyumbani. Bolti nne zilikaza vizuri. Ya tano ilipokaribia kukaza ikalegea ghafla, na sasa inazunguka tu. Nilipoitoa ilikuja na uzi wa alumini umejiviringisha juu yake. Nilitumia bolti zilezile za zamani, nikaongeza wosha kwa sababu matundu ya heda ni mapana kidogo. Flanji ya heda ni nene kuliko ya zamani. Fundi mmoja anasema tutoboe tuweke M10, mwingine anasema nijaze gundi ya chuma kisha nirudishe bolti. Nifanye nini bila kuharibu hedi?"

Ndugu yangu, usitoboe M10 (thredi ya kipenyo cha milimita 10, badala ya M8 yako ya milimita 8) wala usijaze gundi. Na kabla hujagusa tundu lililoharibika, fungua zile bolti nne unazosema zimekaza vizuri, kwa sababu nazo ziko njiani kufuata ya tano. Umetoa jibu mwenyewe ndani ya swali lako: flanji nene, wosha juu yake, bolti zilezile.

Hebu tupige hesabu. Tuseme flanji mpya, yaani bamba la heda linalokaa juu ya hedi, imezidi ya zamani kwa milimita 4, na wosha ina milimita 1.5. Bolti imepoteza milimita 5.5 za kuingia kwenye hedi. Kama zamani ilikuwa inaingia milimita 13, sasa inaingia 7.5. Bolti ya M8 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.25 kutoka thredi moja hadi nyingine, kwa hiyo zimebaki thredi sita tu zinazoshika. Na hizo sita hazigawani mzigo sawasawa: ile ya kwanza, iliyo karibu na uso wa hedi, hubeba karibu theluthi moja ya mzigo wote, ya pili hubeba pungufu, na zinaendelea kupungua hivyo. Ndiyo maana thredi hazifi moja moja. Ya kwanza ikikatika, mzigo wake wote unahamia ya pili, nayo inakatika, na wewe mkononi unasikia ule ulegevu wa ghafla uliousimulia.

Kwenye chuma, bolti ikiingia kwa kina kinacholingana na kipenyo chake inatosha. Kwenye alumini hiyo ni kidogo mno. Tafuta mara moja na nusu ya kipenyo, na tundu likiruhusu, mara mbili. Kwa M8 ni milimita 12 hadi 16. Huhitaji kifaa chochote kulipima hilo: weka heda na gasketi mahali pake, ingiza bolti kwa vidole, na uhesabu mizunguko tangu thredi zinaposhika mpaka kichwa cha bolti kinapogusa flanji. Kila mzunguko ni milimita 1.25. Ukipata mizunguko kumi, uko salama. Ukipata sita, usikaze hiyo bolti hata kama inaonekana nzima. Fanya hivyo kwenye matundu yote manne yaliyobaki, moja baada ya jingine, uandike namba pembeni.

Sasa tundu la tano. Chukua waya mnyoofu, spoku ya baiskeli inafaa sana, uutumbukize mpaka ugote chini, uweke alama kwenye uso wa hedi na upime. Halafu mulika ndani kwa tochi. Kama bolti yako ilikuwa inaingia milimita 7 na tundu lina kina cha 18, chini kule kuna thredi ambazo bolti haijawahi kuzigusa. Hapo huenda tiba yako yote ni stadi (bolti isiyo na kichwa, yenye thredi pande zote mbili) ndefu zaidi inayofika kwenye thredi nzima. Huku ndiko pa kuanzia, kwa sababu ni rahisi na hakuondoi hata chembe ya alumini. Angalizo: stadi isigote chini ya tundu. Bolti iliyogota chini hukaza mkononi na kukudanganya kabisa, kumbe flanji bado inacheza. Vivyo hivyo tundu likiwa na mafuta au maji chini: kimiminika hakibanwi, na hedi inaweza kupasuka kutoka ndani. Likaushe kwa hewa ya kompresa kwanza, umevaa miwani.

Ukikuta thredi nzima zilizobaki chini hazifiki milimita 10, twende kwenye koili.

Koili ya thredi, ambayo wengi huijua kwa jina la Helicoil, ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi, wenye umbo la almasi ukiukata katikati. Unapanua tundu kidogo, unakata thredi mpya kubwa zaidi kwenye alumini, unaizungushia koili ndani, na kwa ndani ya koili unapata tena M8 ileile uliyokuwa nayo. Wapo wanaoiona kuwa ni kiraka, nami nataka niwatoe wasiwasi. Kwenye alumini, koili iliyowekwa vizuri huwa imara kuliko thredi ya asili, kwa sababu thredi iliyokatwa kwenye alumini sasa ni pana zaidi na bolti inasugua chuma kigumu badala ya alumini laini. Viwanda vya injini za ndege huziweka kwenye sehemu za alumini na magnesi zikiwa mpya kabisa, kabla ya bolti ya kwanza kuingia.

Ukienda dukani, Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, au kwa muuza zana wa hapo Morogoro, omba seti ya M8 × 1.25. Itakuwa na biti, tapu yake maalumu (chombo cha kukatia thredi), kifaa cha kuingizia, kivunja ulimi, na koili zenyewe. Tapu ya koili si tapu ya M8 ya kawaida. Ina hatua ileile ya 1.25 lakini ni nene zaidi, kwa hiyo usiazime ya jirani ukidhani ni moja. Biti inayohitajika ni ya milimita 8.3. Muuzaji akikwambia "chukua 8.5, ni kitu kimoja," mkatalie. Hizo sehemu mbili za kumi za milimita ndizo zinazoamua kama thredi mpya itakuwa na mwili au itakuwa mikwaruzo tu. Chukua koili yenye urefu wa milimita 12 ikiwa kina cha tundu kinaruhusu, au hata 16. Ile fupi ya milimita 8 usiipeleke kwenye ekzosti.

Kabla ya kununua, hakikisha hatua ya bolti kwa kipimo cha thredi au kwa kuilaza bolti yako ubavuni mwa bolti unayoijua. Thredi zikikaa ndani ya nyingine bila kuacha mwanga, ni sawa. Makosa ya hatua yameua thredi nyingi sana kwenye magari ya watu wanaojifungia vitu wenyewe. M10 za magari ya Kijapani mara nyingi ni 1.25, lakini M10 ya dukani mara nyingi ni 1.5. Nati za magurudumu ya Toyota na Honda ni M12 × 1.5, za Nissan, Subaru na Suzuki ni M12 × 1.25; ukizichanganya zinaingia mzunguko mmoja au miwili, halafu mtu anaongeza nguvu ya spana. Na bolti za mikanda ya usalama, hata kwenye gari la Kijapani ambalo kila kitu kingine ni cha milimita, kwa kawaida ni za inchi: 7/16 yenye thredi 20 kwa inchi. Anayebadilisha viti na kusukumiza bolti ya milimita mle anaharibu sehemu inayoshika uhai wa abiria.

Kwenye 1NZ-FE ekzosti iko nyuma ya injini, upande wa ukuta wa kabini. Huko drili ya kawaida haikai wima na tundu, na tundu likienda upande, flanji haitakaa, stadi itapinda na utarudi ulikoanzia ukiwa na alumini pungufu. Lakini una bahati ambayo wengi hawaioni: thredi zako zimekwisha kukatika, maana yake tundu sasa lina karibu milimita 8 tayari. Kufika 8.3 unaondoa uzi mwembamba tu. Kazi hiyo haihitaji umeme. Funga biti kwenye mkono wa tapu na uizungushe kwa mkono, taratibu, daima kuelekea kulia, hata wakati wa kuitoa. Alumini itatoka yenyewe, na mkono wako utasikia biti inapoanza kwenda upande kabla haijaharibu kitu, jambo ambalo drili ya umeme haikupi.

Ili biti ikae wima, mwombe fundi wa mashine ya kukereza akutengenezee kikombe kidogo cha chuma chenye uso bapa na tundu la 8.3 katikati. Unakikandamiza kwenye uso wa hedi, biti inapita ndani yake. Ni kazi ndogo kwa mkerezaji, na hutajuta kuilipia. Funga mkanda wa karatasi kwenye biti kuonyesha kina cha juu kabisa unachoruhusu, nacho ni kile ulichopima kwa spoku, bila kuongeza hata milimita moja. Ndani ya hedi njia za maji ya rejeta haziko mbali na matundu haya. Ukitoboa ukutane na maji, kazi ya jioni moja imekuwa kazi ya kushusha hedi. Hii pia ndiyo sababu kubwa ya kuikataa M10: inakula ukuta wa alumini kuzunguka tundu, inakulazimisha kupanua flanji na gasketi, na ikifa nayo hutabaki na nyama ya kutosha ya kuweka koili.

Kabla ya kuanza, ziba milango ya ekzosti kwa vitambaa safi vilivyosokotwa vizuri, na uvihesabu. Baadhi ya valvu zitakuwa wazi, na chembe za alumini zikiteremka kwenye silinda zitakwaruza kuta zake. Paka grisi kwenye mifereji ya biti na ya tapu ili chembe zinate humo zisidondoke, na kila baada ya mizunguko michache itoe, ifute, paka tena.

Kwenye kukata thredi, alumini hupenda mafuta ya taa. Matone machache yanatosha, hata juu ya ile grisi. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili kuvunja uzi unaokatwa, nusu mbele tena. Ukisikia tapu inanata, usilazimishe. Itoe yote, isafishe, anza upya. Tapu ni ngumu lakini ni dhaifu kwa kupinda, na tapu iliyovunjikia ndani ya hedi ni tatizo kubwa mara nyingi kuliko thredi iliyokufa, kwa sababu hakuna biti ya kawaida inayoweza kuitoboa. Ukimaliza, osha tundu kwa dawa ya kusafishia breki na ulipulize likauke kabisa. Koili iliyowekwa juu ya chembe na grisi haitadumu.

Koili ingiza kwa vidole na kile kifaa chake, bila kuikandamiza. Inazunguka yenyewe kuingia. Ukiisukuma itaruka thredi na itabidi kuitoa na kuitupa. Simama pale thredi ya mwisho inapokuwa robo hadi nusu ya mzunguko chini ya uso wa hedi. Ikibaki juu, flanji itaikanyaga na kuipinda. Chini ya koili kuna ulimi mdogo ulioshikwa na kifaa. Uvunje kwa kugonga mara moja, kwa pigo fupi la kukata, halafu uutoe. Usitegemee sumaku peke yake, maana chuma hiki mara nyingi hakivutwi na sumaku ipasavyo. Tumia ncha ya bisibisi iliyopakwa grisi nzito. Hakikisha umeuona ulimi huo kwa macho ukiwa nje ya injini.

Kama seti ya koili haipatikani, au tundu limepanuka hata koili haitashika, hatua inayofuata ni bushi nzima, kipande kimoja chenye thredi nje na ndani, kama zile zinazouzwa kwa jina la Time-Sert. Ni ghali zaidi, ila kwa plagi na kwa sehemu zinazofunguliwa mara kwa mara mimi huichagua kabla ya koili. Baada ya hapo ndipo kunakuja kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni na kutoboa upya, na hiyo maana yake ni hedi kushushwa, kuchomelewa na mtu anayeijua alumini, kisha kupelekwa mashine kunyooshwa uso. Usikubali kufanyiwa hivyo ikiwa bado hujajaribu koili.

Kuhusu gundi ya chuma: nyingi za zile za kuchanganya mirija miwili zinaishia chini ya nyuzi 300 za Selsiasi, na nyingine chini zaidi. Flanji ya ekzosti ya injini iliyopanda mlima na mzigo inapita hapo. Kisha alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa kila nyuzi ya joto, kwa hiyo kila ukiwasha na kuzima injini, bolti, gundi na hedi vinavutana kwa vipimo tofauti. Gundi itakuwa unga, bolti itatoka, na tundu litabaki na ganda gumu linaloharibu tapu.

Tundu likishapona, usirudishe bolti. Weka stadi na nati kwenye matundu yote matano. Bolti ni kama mpira wa manati: inabana kwa sababu imevutwa, na kila unapoikaza mvuto huo unasugua thredi za hedi. Stadi ukishaiingiza kwa mkono mpaka mwisho wa thredi zake, haizunguki tena. Kinachosuguliwa ni nati, na nati ikiisha unanunua nyingine. Chagua stadi zenye alama ya uimara ya 8.8 au 10.9, na nati za chuma tupu zilizotengenezwa kwa ajili ya ekzosti, za kujifunga zenyewe kwa kubanwa juu. Zile zenye duara la plastiki ndani usiziweke hapa. Plastiki ile huanza kulainika kwenye joto la nyuzi mia moja na ushee.

Kukaza, tafuta kipimo cha injini yako kwenye kitabu cha ufundi na utumie spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm (nyutoni mita). Ujue tu kwamba M8 ya daraja 8.8 iliyo kavu, ndani ya chuma, hukazwa kwa karibu Nm 25, na hapa uko kwenye alumini. Ukipaka grisi ya shaba dhidi ya kuganda, msuguano unapungua na bolti inavutwa zaidi kwa nguvu ileile ya mkono, kwa hiyo punguza kama robo. Spana ndefu ya kawaida mikononi mwa kijana mwenye afya inafika Nm 60 bila yeye kutoa jasho. Hapo ndipo thredi nyingi za M8 zinapofia. Anza na stadi ya katikati ukielekea pembeni, kwa awamu tatu, na usikaze moja mpaka mwisho wakati nyingine bado zinacheza.

Kisha angalia heda yenyewe imebebwa na nini. Injini ya gari la kuendesha magurudumu ya mbele hujitingisha mbele na nyuma kila ukikanyaga mafuta. Heda isiyo na kipande cha bomba laini linalojikunja, wala mkono wa kuishika chini, inaning'iniza uzito wote wa bomba kwenye hizo stadi tano. Hata thredi bora haitavumilia hilo kwenye barabara za matuta. Kama heda uliyonunua haina bomba laini, mpelekee mchomeleaji alitie kabla hujaifunga, na urudishe mkono uliokuwa chini ya manifoldi ya zamani, au utengeneze mwingine unaofanana nao.

Yote haya nimeyasema kwa tundu la ekzosti, ambalo likishindwa utasikia mlio na harufu ya moshi, utasimama utengeneze. Tafadhali usiyahamishe kwenye breki, usukani, mikanda ya usalama au stadi za magurudumu. Thredi ya bolti ya kalipa ikifa kwenye kipande kinachoishika, nunua kipande kingine, hata cha mtumba kilicho kizima. Stadi ya gurudumu inagongwa ikatoka na mpya inavutwa mahali pake.

Baada ya kufunga, washa injini ikiwa baridi na usikilize mlio wa tik-tik upande wa nyuma. Kwa sekunde chache za mwanzo, kabla chuma hakijatanuka, ndipo uvujaji mdogo husikika vizuri. Endesha siku chache za kawaida, acha gari lilale usiku kucha, na asubuhi injini ikiwa baridi kabisa pitisha tena spana ya toki kwenye nati zote tano. Gasketi mpya hukaa chini kidogo, kwa hiyo nati zikiongezeka robo mzunguko si tatizo. Ila nati ya lile tundu lenye koili ikiendelea kuzunguka bila kufika kipimo, simama hapohapo, fungua, uangalie kama koili imepanda na stadi: ikiwa imepanda, tundu halikusafishwa vya kutosha au biti ilikuwa kubwa, na sasa ni zamu ya bushi nzima.